Mapadre, Walimu, Divai na Unga



Mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano, kwa hati iitwayo Dum Diversas, alimpa Mfalme wa Ureno idhini ya kuwapiga vita Wasaraseni na wapagani, kutwaa nchi zao na kuwatia katika utumwa wa daima. Hati zilizofuata zilimkabidhi mfalme huyo huyo kazi ya kujenga makanisa na kupeleka wamisionari ng'ambo. (Ni mwaka 2023 tu Vatikano ilipotamka kwamba fundisho lililojengwa juu ya hati hizo si sehemu ya mafundisho ya Kanisa.)

Katika Ufalme wa Kongo, ambao mji wake mkuu Mbanza Kongo leo umo Angola, mfalme alibatizwa mwaka 1491. Mwanawe, Afonso wa Kwanza, aliyeitwa kwao Mvemba a Nzinga, aliipokea imani kwa moyo wote. Alijenga makanisa, akafungua shule, na mwanawe Henrique akawekwa wakfu kuwa askofu.

Mwaka 1526 Afonso alimwandikia Mfalme João wa Tatu wa Ureno. Alilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata raia wake kila siku, hata wana wa wakuu na jamaa zake mwenyewe, na nchi inazidi kubaki tupu. Kisha akataja anachohitaji kutoka Ureno: mapadre, walimu wachache wa shule, na divai na unga kwa ajili ya Sakramenti. Bidhaa nyingine hakuzitaka. Mfalme huyu alijua kutenganisha Injili na biashara, ilhali baadhi ya mapadre waliomletea Injili hiyo walinunua watumwa.

Lakini tusimfanye malaika. Yeye naye aliuza mateka wa vita. Maofisa aliowaweka walichunguza tu kama mtu anayeuzwa ni mateka halali au ameibwa.

Mwaka 1684 Lourenço da Silva de Mendouça, mwenye asili ya ukoo wa kifalme wa Angola, alipeleka mashitaka Roma kwa niaba ya vyama vya kidini vya Waafrika: Wakristo weusi wanashikwa utumwani milele, wao na watoto wao. Tarehe 20 Machi 1686 Ofisi Takatifu ilijibu kwamba si halali kuwakamata kwa nguvu au hila watu wasiomdhuru yeyote, na kwamba anayewashika awaachilie na kuwalipa fidia. Wafalme Wakatoliki hawakutekeleza. Ureno ilitoa sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1869.