Ndugu Waliotoka Mto Juba

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za safari ya kutafuta ndugu.

Safari ziko nyingi. Mtu husafiri kwa biashara, mwingine kwa elimu, mwingine kwa kazi. Lakini iko safari moja iliyo ngumu kuliko hizo zote, nayo ni safari ya mtu aendaye nchi asiyopata kuiona, akasimama mbele ya watu wasiomjua, akasema, "Mimi ni wenu." Je, mtu huyo achukue nini mkononi ili asadikiwe? Hilo ndilo swali langu, na jibu lake nalipata katika habari za Wazigua wa mto Juba.

Kwanza tukumbuke asili ya mambo. Kati ya miaka ya 1830 na 1840 ukame mkubwa uliipiga nchi ya Uzigua, yaani nchi ya Handeni na pande zake, iliyo nyuma ya Pangani. Mashamba yakakauka, ghala zikaisha. Watu wakashuka pwani kutafuta chakula. Wazee wasimulia kwamba wengi walidanganywa: waliambiwa wataajiriwa kazi ng'ambo, na baada ya kazi watarudishwa kwao. Wengine walijiweka rehani kwa nafaka. Wakapandishwa majahazini, na upepo wa kusi, uvumao kutoka kusini kwenda kaskazini, ukawapeleka mpaka Barawa, Merka na Mogadishu katika nchi ya Somalia. Huko wakauzwa kuwa watumwa katika mashamba ya mto Shebelle.

Walakini hawakukubali kufa utumwani. Wengi wakatoroka, wakashika njia ya kusini, na nia yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu. Mapokeo yao yamtaja mwanamke mmoja mtabiri, jina lake Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Walipofika mto Juba waliona ardhi yenye rutuba na msitu mnene wa kujificha. Wakafyeka, wakalima, wakajenga vijiji vyao, wakakaa. Kutoka hapo mpaka Handeni, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 700. Wale waliotoka Uzigua wakafa, na watoto wao wakafa, na wajukuu wao pia. Lakini safari ya kurudi haikusahauliwa.

Sasa, wasikilizaji, angalieni jambo hili. Katika bonde lile la Juba hawakukaa Wazigua peke yao. Walikuwako Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, nao pia walichukuliwa watumwa kutoka kusini. Wengi wa hao waliletwa mmoja mmoja, wakatawanywa, na wajukuu wao wakakua wakisema lugha za nchi ile tu. Jina la kabila likabaki, na lugha ikapotea. Bali Wazigua walikuwa wengi pamoja, wakakaa katika vijiji vyao wenyewe, wakaoana wao kwa wao. Akina mama wakaendelea kusema Kizigua na watoto wao jikoni na shambani. Maji waliyaita mazi, kama yaitwavyo Handeni. Walizikumbuka na koo zao, walizozihesabu kwa upande wa mama, na ngoma za kuwafunda wasichana. Wasomali waliwadharau kwa nywele zao na kwa asili yao ya utumwa. Lakini mithali yetu yasema, "Mwacha asili ni mtumwa." Basi watu hawa, walioitwa watumwa, asili yao hawakuiacha. Nani basi aliyekuwa huru?

Mwezi wa Januari mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, vita vikaingia kila mahali. Watu wa bonde la Juba walikuwa wakulima wenye nafaka ghalani, wala hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Kwa hiyo kila jeshi lililopita liliwanyang'anya. Wengi waliuawa. Waliosalia wakakimbia, maelfu wakaingia Kenya, wakakaa katika makambi ya Dadaab. Lakini baadhi ya Wazigua walisema, "Sisi tunako kwetu." Wakaendelea na safari, wakaingia Tanzania, wakafika Handeni. Safari iliyoanzishwa na mababu zao katika karne ya 19 ikamalizwa na vitukuu, baada ya miaka mia na hamsini hivi.

Fikirini mwenyeji wa Handeni siku ile. Mbele yake wamesimama watu waliovaa mavazi ya nchi nyingine, wamechoka, hawana mali, wala hawana barua ya kuwatambulisha. Kisha wanafungua vinywa vyao, na maneno yanayotoka ni ya bibi yake! Matamshi yamebadilika kidogo, na maneno ya Kisomali yamechanganyika humo, lakini maana yaeleweka. Hiyo ndiyo barua yao. Hawakuipata ofisini, waliipata kwa mama zao, nao mama zao kwa mama zao.

Lakini msidhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa rahisi. Lugha hufungua mlango, wala haijengi nyumba. Watu hawa walikuwa wakimbizi mbele ya sheria, wakawekwa katika kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni. Mkimbizi hana shamba lake, wala hajui kesho atapelekwa wapi. Mwaka 2003 watu wapatao elfu tatu walihamishiwa Chogo, katika wilaya ile ile, wakapewa ardhi ya kulima na kujenga. Tena kufikia mwaka 2009 watu wao walikuwa wakipokea hati za uraia wa Tanzania. Mithali yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mithali hii yatumiwa sana kumfukuza mgeni mvivu. Mimi naona ina maana nyingine iliyo bora. Kumpa mtu jembe ni kumwambia, "Wewe si mgeni tena, chagua mahali, ulime." Ndugu asiyepewa jembe, hata akikumbatiwa kila siku, angali mgeni.

Wako wanaoogopa ndugu wa mbali. Husema, "Amekuja kudai ardhi ya babu." Hofu hii si ya kuchekwa, maana ardhi ni haba na watoto ni wengi. Ndiyo sababu jambo la namna hii yafaa lifanywe wazi, mbele ya wazee na serikali, ardhi ipimwe na hati ziandikwe, ili mwenyeji asinung'unike na mgeni asiishi kwa wasiwasi. Udugu usio na utaratibu huzaa kesi.

Na habari hii haikuishia Handeni. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilikubali kupokea watu wapatao elfu kumi na mbili wa bonde la Juba waliokuwa makambini Kenya, na tangu mwaka 2003 walianza kupelekwa huko, Wazigua miongoni mwao. Hivyo leo watu wa asili moja wako Juba, wako Handeni, wako na Marekani. Bahari ya kwanza mababu waliivuka kwa kudanganywa. Ya pili wajukuu waliivuka kwa kutafuta amani. Lakini hatari ni ile ile. Mtoto aliyezaliwa huko asome Kiingereza, ni vema sana. Ila asipofundishwa na lugha ya nyanya yake, siku atakapokuja Handeni atakuja kama mtalii, atapiga picha, atarudi.

Basi ninyi mnaonisikiliza, na hasa ninyi wanafunzi, nawapa kazi. Chukueni daftari, nendeni kwa mzee wa nyumbani kwenu, mkamwulize mambo haya matano. Kwanza, majina ya babu na bibi, na ya waliowazaa, upande wa baba na upande wa mama. Pili, jina la ukoo, na mwiko wake kama upo. Tatu, mahali walipotoka: jina la kijiji, na la mto au mlima ulio karibu, kwa kuwa vijiji huhama, na mto hukaa. Nne, sababu ya kuondoka, iwe njaa, vita, kazi au ndoa. Tano, nani alibaki nyuma. Andikeni kama alivyosema, wala msiongeze chumvi. Msingoje matanga, mzee akiisha kufa hajibu swali.

Na ikitokea siku moja mtu amebisha hodi kwako, akasema, "Mimi ni wenu," usimkimbilie kwa furaha tu, wala usimfukuze kwa hofu. Mpe kiti, mpe maji, kisha mwulize mambo yale matano. Kama mama zake walimfundisha, na kama mama zako walikufundisha, mtajuana kabla jua halijatua. Kwaherini.