Aliyecheza na Aliyeweza Kuitwa: Nani Anastahili Medali ya Ubingwa?



Msimu wa 2024/25 Yanga ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ikiwa imepita mikononi mwa makocha wakuu watatu. Miguel Gamondi aliuanza msimu na kuachishwa kazi Novemba 2024. Sead Ramović akampokea, naye akaaga Februari 2025 na kwenda Algeria. Miloud Hamdi ndiye aliyekuwa kwenye benchi Juni 25, siku Yanga ilipoifunga Simba mabao 2-0 na kumaliza ubishi. Ligi yetu ina timu 16, kwa hiyo kila timu inacheza mechi 30, na pointi tatu za mwezi wa tisa zina uzito uleule wa pointi tatu za mwezi wa sita. Ukiwauliza mashabiki wa pale uwanja wa Nyamagana, hapa Mwanza, medali ya kocha bingwa wa msimu ule ni ya nani, wengi watakutajia Hamdi bila kufikiri mara mbili, kwa sababu ndiye waliyemwona siku ya shangwe. Nadhani jibu hilo lina kasoro, na kasoro hiyo haiishii kwa makocha. Inamgusa kipa wa akiba, majeruhi, aliyeuzwa dirisha dogo, na hata mtoto wa shule aliyeachwa bwenini siku ya fainali ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Mada hii inatafuta kipimo kimoja kinachoweza kuwatendea haki wote hao bila kuigeuza medali kuwa karanga za kugawiwa kila mgeni.

Vipimo tulivyovizoea ni viwili, na cha kwanza ni kile cha kuwepo siku yenyewe. Hiki kina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Katika Kombe la Dunia, hadi fainali za 1974, medali za ubingwa zilikwenda kwa wachezaji 11 waliokuwa uwanjani mechi ya mwisho ilipomalizika. Mwaka 1962 Pelé aliumia katika mechi ya pili ya Brazil, akatazama fainali akiwa nje, na hakuvishwa medali. Mwaka 1966 Jimmy Greaves wa Uingereza aliumia kwenye hatua ya makundi, Geoff Hurst akachukua nafasi yake, akafunga mabao matatu katika fainali, na Greaves akarudi nyumbani mikono mitupu. FIFA yenyewe hatimaye iliona aibu. Mwaka 2007 iliamua kuwapa medali wanakikosi wote wa timu zilizotwaa kombe kati ya 1930 na 1974, na mwaka 2009 Greaves na wenzake wakakabidhiwa zao jijini London, miaka 43 baada ya ubingwa wenyewe. Ni nadra chombo kikubwa cha michezo kukiri hadharani kwamba kipimo chake cha zamani kilikuwa kibovu. Kwa nini basi sisi tuendelee kukishikilia katika ligi za wilaya na bonanza zetu, ambako aliyechelewa basi la timu anakosa medali na jirani wa mwenyekiti aliyepanda jukwaani anaipata?

Kipimo cha pili ni cha kuhesabu mechi au dakika, na hiki kinaonekana cha kisasa na cha haki zaidi. Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa ikidai mchezaji awe amecheza mechi 10 kati ya 38. Kuanzia msimu wa 2012/13 ikashusha hadi mechi tano, na klabu bingwa hupewa medali 40 za kugawa kwa wachezaji, kocha na maofisa. Kule kushuka kutoka 10 hadi tano kunatueleza jambo: namba yenyewe haina mzizi popote. Hakuna hoja inayoweza kuonyesha kwamba mechi ya tano humfanya mtu kuwa bingwa na ya nne haimfanyi. Kibaya zaidi, namba hiyo inamwonea mtu mmoja kuliko wote, naye ni kipa wa akiba. Winga wa akiba ataingizwa dakika za mwisho mara kwa mara. Kipa wa akiba anaweza kukaa msimu mzima akifanya mazoezi kama wenzake na asiguse mpira wa mechi. Beno Kakolanya alikaa Simba kuanzia 2019 hadi 2023 nyuma ya Aishi Manula, katika miaka ambayo Manula alikuwa kipa namba moja wa klabu na wa taifa. Je, kazi yake ilikuwa bure? Jibu lilitolewa na kipa wa tatu. Aprili 2023 Ally Salim alijikuta langoni dhidi ya Yanga, Simba ikashinda 2-0, na siku chache baadaye akasimama mbele ya Wydad Casablanca katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Agosti mwaka huohuo, Mkwakwani mjini Tanga, akapangua penalti tatu za Yanga na Ngao ya Jamii ikaenda Simba. Uwezo ule haukuota usiku mmoja. Ulijengwa katika ile miezi ambayo kipimo cha dakika kingeiandikia sifuri.

Kipimo cha dakika kina udhaifu mwingine ambao walimu wa michezo mliomo katika semina hii mnaujua vizuri kuliko mimi: kinamzawadia mamluki. Mchezaji aliyepachikwa kwenye timu ya shule kwa jina la mwanafunzi mwingine atacheza dakika zote 90, atafunga, atabebwa juu juu, na kwa hesabu ya dakika yeye ndiye anayestahili kuliko mwanafunzi halali aliyekaa benchi kumpisha. Mabao nayo si ushahidi unaojitosheleza. Mwaka 2016, katika kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, siku ya mwisho ilileta matokeo ya Geita Gold 8, JKT Kanembwa 0, na Polisi Tabora 7, JKT Oljoro 0. Mabao 15 yaliingia wavuni kweli, lakini TFF, shirikisho la soka nchini, iliona upangaji wa matokeo, ikaziadhibu timu hizo kwa kuzishusha daraja, na nafasi ya kupanda ikaiangukia Mbao FC ya hapa Mwanza. Mbao hiyohiyo msimu uliofuata iliitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale Kirumba, na Mei 2017 ikaifikisha Simba muda wa nyongeza katika fainali ya Dodoma kabla ya kufungwa 2-1. Kinachoonekana uwanjani, basi, hakitoshi kutuambia nani anastahili nini.

Kipimo ninachopendekeza ni hiki: medali ya ubingwa anastahili kila mtu ambaye, katika mashindano hayo, timu ilikuwa na haki ya kumwita wakati wowote na yeye hakuwa na haki ya kukataa. Nitakiita wajibu wa kuitika. Kipa wa akiba anaingia, kwa kuwa dakika yoyote kadi nyekundu au goti la mwenzake lingemsimamisha langoni. Majeruhi anaingia, maana aliumia akiwa ameitika. Mamluki anatoka, kwa sababu hakuna usajili halali unaomfunga. Mlezi wa timu, mfadhili na diwani wa kata wanatoka pia, hata kama walinunua jezi na mafuta ya basi. Wao hutoa wakitaka na huacha wakitaka, na kwa ukarimu huo wanastahili shukrani, cheti, hata ng'ombe wa kuchinja, lakini si medali. Daktari wa timu na mtunza vifaa, kama wameorodheshwa na wanawajibika, wanaingia.

Mashindano ya mitumbwi ya ziwa letu yanasaidia kuona hili kwa uwazi, kwa sababu mle hakuna mfungaji wa bao. Katika mbio za kupiga kasia zinazofanyika Mwaloni, Kirumba, huwezi kumwambia mtazamaji ni kasia la nani lililoleta ushindi. Mtumbwi unafika wote au haufiki. Michezo ya Olimpiki ilishaelewa jambo hilo katika mbio za makasia, ambako nahodha anayeshika usukani hupewa medali sawa na wanaopiga kasia ingawa yeye hana kasia. Ajabu ni kwamba Olimpiki hiyohiyo haimpi kocha medali. Nadhani hapo imekosea. Upande wa adhabu wa jambo hili ulimpata Usain Bolt: Januari 2017 Jamaika ilivuliwa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti mita 100 mara nne za Beijing 2008, kwa sababu sampuli ya mwenzake Nesta Carter ilikutwa na dawa iliyopigwa marufuku. Bolt hakuwa na kosa, akarudisha. Kama aibu ya mmoja inawavua wote, ni dhuluma kudai kwamba heshima ya wote inawahusu wachache waliokuwa na bahati ya kupangwa.

Kesi ngumu zipo, na ngumu kuliko zote kwa miaka ya karibuni ni ya Feisal Salum. Mei 2022 ni yeye aliyefunga bao pekee la nusu fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na Simba, hapa Kirumba. Msimu uliofuata alianza kama mhimili wa Yanga, kisha Desemba 2022 akaondoka kambini akidai amevunja mkataba. TFF ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Yanga ikatwaa ubingwa bila yeye, na Juni 2023 akauzwa Azam. Mashabiki wengi wa Yanga watasema hastahili kitu: aliyekimbia shamba asidai mavuno. Kipimo changu kinanilazimisha kujibu kwa makini zaidi. Kwa miezi ya mwanzo aliitwa na akaitika, na pointi za miezi ile zimo ndani ya jumla iliyoleta kombe. Hakuna aliyependekeza zifutwe. Kuanzia alipoondoka, hakuitika. Anastahili medali ya ubingwa kwa sehemu aliyoitumikia, na kama alikosea kimkataba, hilo lina adhabu zake katika kanuni za mikataba. Kutumia medali kama fimbo ya nidhamu ni kuchanganya mahakama na jukwaa la zawadi. Kwa mantiki hiyo Gamondi na Ramović nao wanastahili, kama anavyostahili Sven Vandenbroeck, aliyeiacha Simba Januari 2021 na kumwachia Didier Gomes timu iliyokuja kuwa bingwa. Nakiri kwamba kwa aliyekaa wiki mbili tu kipimo hiki kinaanza kuyumba. Hapo ndipo kanuni iweke sakafu, kwa mfano robo ya mashindano ndani ya orodha. Sakafu hiyo ihesabu muda wa kuwajibika, isihesabu dakika za kucheza.

Pingamizi la kwanza nitakalolisikia ni kwamba medali nyingi zitakuwa hazina thamani. Lakini thamani ya medali haitokani na uchache wa waliomo kikosini. Inatokana na wingi wa timu zilizoikosa. Timu 15 zimeikosa, na hilo halibadiliki ukigawa medali 18 au 40. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba usawa huu unamdhulumu nyota. Washambuliaji Fiston Mayele na Saidi Ntibazonkiza walifunga mabao 17 kila mmoja katika Ligi Kuu msimu wa 2022/23. Je, walingane na asiyegusa mpira? Jibu ni kwamba nyota ana mlango wake. Kuna kiatu cha mfungaji bora, kuna mchezaji bora wa msimu, kuna mshahara, na kuna ile ahadi ya Rais Samia ya fedha kwa kila bao katika michuano ya Afrika, maarufu kama Goli la Mama. Hizo zote hupima mtu mmoja mmoja. Tukiifanya na medali ya ubingwa ipime mtu mmoja mmoja, hakutabaki tuzo hata moja inayoitambua timu. Pingamizi la gharama ni la kweli kwa shule zetu, ingawa mara nyingi fedha ya medali hukosekana na ya mahema ya wageni hupatikana.

Kiutendaji hakuna ugumu mkubwa. Orodha ya wanaostahili iwasilishwe kwa mwandaaji, awe chama cha soka cha mkoa au kamati ya UMISSETA, kabla ya mashindano kuanza. Mabadiliko yaandikwe dirisha linapofungwa. Na baada ya mechi ya mwisho pasiongezwe jina. Orodha inayoandikwa baada ya ushindi daima huwa ndefu kuliko kikosi, na majina yanayozidi huwa ya wakubwa.

Lipo pia deni la nyuma. Pamba, TP Lindanda wa jiji hili, walikuwa mabingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1990. Tunawakumbuka akina George Masatu, Hussein Marsha, Nteze John na Khalfan Ngassa kama majina makubwa ya Pamba ya zama zile. Makipa wa akiba, mabeki walioingia mara mbili tatu, daktari na mtunza jezi wa msimu ule hawatajwi. Timu ilishuka daraja 2001 na ikarudi Ligi Kuu 2024 ikiwa Pamba Jiji, chini ya halmashauri ya jiji. FIFA ilirudi nyuma miaka 77, hadi 1930. Mwanza inatakiwa kurudi hadi 1990 tu. Napendekeza semina hii iiombe halmashauri na chama cha soka cha mkoa kuunda kamati ndogo ya kukusanya orodha kamili ya kikosi na benchi la ufundi la mwaka ule, kwa ushahidi wa waliocheza wenyewe, ili medali zikabidhiwe kabla ya mechi ya nyumbani ya Pamba Jiji. Kwa waliotangulia mbele ya haki, wapokee watoto wao.