Stampu za Kale na Barua za Wazee Wetu

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya masheha na walimu wa Unguja)



Nimeagizwa kusema nanyi leo habari za stampu za kale. Yamkini wako miongoni mwenu wanaojiuliza: je, karani huyu hakupata jambo la maana kuliko vikaratasi vibandikwavyo juu ya barua? Nawaomba mnivumilie kidogo. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na za shamba vilevile, mna masanduku ya karatasi zilizoachwa na wazee. Karatasi hizo huchomwa moto, au huliwa na mchwa, au huuzwa kwa bei ya kitoweo cha siku moja. Auzaye hajui auzacho; anunuaye ajua sana. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Barua kabla ya Posta

Zamani za Seyyid Said hapakuwa na posta Unguja. Mwenye barua ya kwenda ng'ambo alimpa nahodha wa chombo, akamwomba Mungu ifike. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na mwaka 1837 akaja balozi wao wa kwanza, Bwana Richard Waters, mtu wa mji wa Salem. Merikebu za Salem zilileta nguo zile tuziitazo marekani, zikarudi na pembe, karafuu na sandarusi. Barua nazo zilisafiri humo: karatasi iliyokunjwa na kutiwa lakiri, pasipo bahasha wala stampu. Hata Marekani yenyewe haikuwa na stampu za serikali kuu mpaka mwaka 1847, zilipotolewa mbili za kwanza: ya senti 5 yenye sura ya Benjamin Franklin, na ya senti 10 yenye sura ya George Washington.

Basi barua iliyoandikwa Unguja zamani za Bwana Waters haina stampu, walakini si kitu cha kutupwa. Thamani yake imo katika maandiko, na tarehe, na jina la merikebu, na alama iliyotiwa na posta ya bandari iliposhukia.

Muhuri ndio Shahidi

Posta ya kwanza ilifunguliwa hapa na Serikali ya Uhindi mwaka 1868, ikafungwa mwaka 1869, ikafunguliwa tena mwaka 1875. Stampu zilizouzwa zilikuwa zile zile za Uhindi, zenye sura ya Malkia Victoria. Hazikuwa na neno Zanzibar hata kidogo, na mambo yakaendelea hivyo mpaka Novemba 1895.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Stampu ya nusu anna ya Uhindi ya zamani hizo ni kitu cha kawaida kabisa, maana zilichapwa kwa mamilioni. Lakini stampu hiyo hiyo ikiwa imepigwa muhuri wa Zanzibar, na hasa muhuri wa ile miezi michache ya 1868 na 1869, huwa adimu sana. Karatasi ni moja na rangi ni moja, ila bei ni mbali kama ardhi na mbingu. Muhuri ndio shahidi kwamba barua ilitoka hapa. Mtu akiibandua stampu na kuitupa bahasha, amemfukuza shahidi wake mwenyewe.

Nchi nyingine nazo zilikuwa na posta zao mjini. Posta ya Wafaransa ilikaa tangu 1889 hata 1904, na ya Wadachi ilikaa tangu Agosti 1890 hata Julai 1891, haikutimiza mwaka. Mwaka 1897 Wafaransa walipopungukiwa na stampu, walipiga chapa bei juu ya pambizo tupu za karatasi za stampu zao, wakaziuza hivyo. Asiyejua akiona kipande kama hicho atadhani ni takataka.

Kosa Lililo na Thamani

Mwezi wa Novemba 1895 stampu za Uhindi zilipigwa chapa neno "Zanzibar" katika mtambo wa gazeti la Serikali. Herufi zilipangwa kwa mkono, moja moja, na kwa haraka, na mahali pengine mpangaji akakosea: stampu nyingine zikasomeka "Zanzidar", na nyingine "Zanibar". Sisi makarani hukemewa kwa herufi moja iliyokosewa. Lakini kosa la mpangaji yule leo lauzwa kwa bei iliyopita mara nyingi ile ya stampu iliyo sahihi. Sababu yake ni kwamba zilizokosewa ni chache, na wanaozitaka ni wengi.

Marekani nako ilikuwa hivyo. Mwaka 1869 walitoa stampu za rangi mbili, na karatasi ilipaswa kupita katika mtambo mara mbili. Karatasi chache za stampu za senti 15, 24 na 30 zilipita mara ya pili zikiwa zimegeuzwa, picha ikatokea kichwa chini. Leo ni miongoni mwa stampu zinazotafutwa sana duniani.

Tena miaka ya 1867 na 1868 Wamarekani waliogopa kwamba watu wataosha wino wa muhuri na kuitumia stampu mara ya pili. Basi wakazikandamiza stampu kwa chuma chenye meno madogo, ili wino uzame ndani ya karatasi usiondoke. Alama za meno hayo zina namna nyingi, na wakusanyaji wamezipa majina ya herufi. Stampu ya senti 1 yenye alama iitwayo Z imejulikana kuwa mbili tu. Moja imo katika maktaba ya umma ya New York, na ya pili iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa zaidi ya dola milioni 4. Hiyo ilinunuliwa posta kwa senti moja!

Lakini msije mkadhani kwamba kila cha kale ni ghali. Stampu ya kwanza ya dunia nzima, ile nyeusi ya peni moja ya Uingereza ya mwaka 1840, ilichapwa zaidi ya milioni 68, na hata leo hupatikana bila taabu kubwa. Uzee ni kitu kimoja, na uadimu ni kitu kingine.

Namna ya Kupima Thamani

Mwenye kutaka kujua thamani ya stampu na ajiulize mambo haya matano.

Kwanza, ziko ngapi zilizobaki, na wangapi wanaozitaka?

Pili, hali yake ni gani? Stampu iliyochanika, au iliyopauka kwa jua, au iliyopoteza meno ya pembeni, hushuka bei sana.

Tatu, muhuri wake wasomeka? Jina la mji na tarehe huongeza thamani.

Nne, ingali juu ya bahasha yake? Bahasha nzima mara nyingi ina thamani kuliko stampu peke yake.

Tano, ni ya kweli? Wadanganyifu ni wengi. Huchapa neno "Zanzibar" juu ya stampu za Uhindi, hughushi mihuri, na hufuta wino wa kalamu. Hata zile stampu za Januari 1964, zilizopigwa neno "JAMHURI" kwa muhuri wa mkono baada ya Mapinduzi, zimeghushiwa, maana muhuri wa mkono ni rahisi kuigwa. Kwa stampu ya bei kubwa, wanunuzi hutaka hati ya wataalamu, kama ile itolewayo na chama cha kifalme cha wakusanyaji wa stampu cha London.

Viko vitabu vya bei, kama kile cha Stanley Gibbons wa London na kile cha Scott wa Marekani. Lakini bei iliyoandikwa humo ni ya kununulia dukani stampu iliyo njema; mwenye kuuza hupata pungufu, na mara nyingine pungufu sana.

Maneno kwa Masheha na Walimu

Tuseme mzee mmoja amefariki shamba, ameacha nyumba, mikarafuu, na sanduku la barua. Nyumba na mikarafuu hugawanywa mbele ya mashahidi. Sanduku hakuna alitajaye. Kijana mmoja hulichukua, hukata pembe za bahasha kwa mkasi, huuza stampu kwa mgeni barabarani, na barua zenyewe huwashia moto. Hapo pana hasara tatu: amejipunja mwenyewe, amewadhulumu warithi wenziwe, na amechoma maneno ya babu yake. Mabwana Masheha, mnapohudhuria mambo ya mirathi, ulizeni habari za karatasi pia. Ziandikwe katika orodha, na asiziuze mtu mmoja pasipo ridhaa ya wenziwe.

Mabwana Walimu, wafundisheni watoto haya: wasikate bahasha, wasiloweshe stampu, wasibandike chochote juu yake. Unyevu wa masika hulainisha gundi na kuzigandamanisha, basi ziwekwe pakavu, karatasi safi katikati, mbali na mende na nondo. Akitokea mnunuzi, asiuziwe siku hiyo hiyo. Aulizwe na wa pili, na wa tatu. Anayenunua kwa haki hakasiriki akiambiwa angoje.

Kisha liko neno lililo juu ya bei. Barua nyingi za wazee wetu ziliandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Humo mna habari za misafara, madeni, ndoa, maradhi, na bei za karafuu. Mambo yasiyoandikwa katika vitabu. Mnunuzi wa stampu hayasomi hayo, wala hayalipii. Msiuze barua kabla haijasomwa na ajuaye na kunakiliwa. Na nyumba isiyoweza kuzitunza na iende kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, ikaulize, maana kazi yao ni kuhifadhi karatasi za nchi.

Sikuwaahidi utajiri. Katika masanduku mia huenda lisitokee hata moja lenye stampu ya bei kubwa. Lakini katika kila moja yamo maneno ya mtu aliyetutangulia, na ni wajibu wetu kuyatazama kabla ya kuyatupa.