Stesheni ya Ongata Rongai na Manufaa Yake

Wenyeji wa Gataka na jirani zao wa Ongata Rongai walikaa miaka mingi karibu na Nairobi pasipo stesheni yao. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Baadaye tawi la kutoka Konza likapita Kajiado hadi Magadi, lakini lilijengwa hasa kwa ajili ya kuchukua magadi, wala si kwa msafiri aendaye kazini.

Mwezi wa Oktoba 2019 ilifunguliwa reli mpya ya Nairobi hadi Suswa, yapata kilomita 120, na Ongata Rongai ikapata stesheni. Lakini nafasi kati ya vyuma vya reli hii ni milimita 1,435, na katika ile ya zamani ni milimita 1,000. Kwa hiyo garimoshi lake haliwezi kuingia katikati ya mji. Hukoma Syokimau, na msafiri hubadili garimoshi huko.

Basi manufaa ya stesheni hayatoki katika uzuri wa jengo, bali katika kukutana kwa magarimoshi mawili. Aendaye kazini na aulize saa za yote mawili kabla ya kuondoka nyumbani; la kwanza likichelewa, la pili halimngoji.