Jenereta Inayoishi kwa Baridi

Mwaka 2018, huko Thyborøn, Denmark, mafundi walifunga jenereta ya megawati 3.6 juu ya mnara wa umeme wa upepo. Nyaya za shaba hula sehemu ya umeme na kuigeuza joto. Utepe uliokuwamo humo, ukipozwa zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri, hauli kitu. Hubeba umeme mwingi katika nafasi ndogo, na jenereta huwa nyepesi.

Wengi husifu utepe. Mimi nasifu jokofu. Likizimika, utepe hupata joto na ajabu yote hutoweka. Kwa hiyo anayeagiza mtambo wa namna hii aulizie kwanza mafundi wa baridi na vipuri vyao. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.