Homa ya Mgonjwa wa Saratani Haingoji Asubuhi

Hii ni hotuba iliyotolewa na muuguzi wa kitengo cha saratani kwa wakazi wa Kisii na Nyamira katika siku ya uhamasisho kuhusu saratani. Tunaichapisha kwa manufaa ya familia zinazouguza mgonjwa nyumbani.



Mara nyingi tukikutana kuhusu saratani, tunaongea juu ya kupimwa mapema, upasuaji na gharama ya matibabu. Hayo yote ni muhimu. Leo, hata hivyo, nimeomba nafasi nizungumzie jambo moja ambalo familia nyingi hazijaelezwa vya kutosha. Mgonjwa anaweza kuwa anaendelea vizuri na dawa, uvimbe unapungua, hamu ya chakula imerudi, kisha akapata homa siku ya Jumamosi na kufikia Jumatatu tumempoteza. Anayemwua hapo si saratani. Ni maambukizi, na mengi ya maambukizi hayo yanatibika kama mgonjwa atafika hospitalini kwa wakati.

Kwa nini mwili unabaki bila ulinzi

Tibakemikali hushambulia chembe za mwili zinazozaliana kwa kasi. Chembe za saratani ni za namna hiyo, ndiyo maana dawa inazipata. Lakini uboho ulio ndani ya mifupa yetu nao hutengeneza chembe za damu kwa kasi, kwa hiyo dawa inaugusa pia. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, zinapungua. Kwa dawa nyingi, siku za hatari zaidi ni kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kupewa dozi. Hizo ni siku ambazo mgonjwa yuko nyumbani, wala si wodini. Aliye karibu naye ni mke, mume, binti au mkaza mwana, si daktari.

Askari ninaowasema zaidi huitwa nyutrofili. Zikishuka chini ya 500 katika mikrolita moja ya damu, bakteria wanaoishi siku zote mdomoni, kwenye ngozi au tumboni mwa mgonjwa mwenyewe wanaweza kuingia kwenye damu. Mgonjwa hahitaji kuambukizwa na mtu mwingine.

Kuna jambo lingine linalotudanganya. Tumezoea kwamba kidonda kibaya huvimba, huwa chekundu na hutoa usaha. Usaha kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe zilizokufa zikipigana. Mtu asiye na chembe hizo hatoi usaha mwingi. Anaweza kuwa na maambukizi ya mapafu na kikohozi chake kikawa kidogo. Pengine dalili pekee atakayowapa ni homa. Ndiyo maana homa hiyo haidharauliwi.

Tulivyolijua jambo hili

Ujuzi huu una historia. Mwaka 1966, daktari Gerald Bodey na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 52 wa saratani ya damu. Waliwafuatilia na kuhesabu chembe zao nyeupe, wakaonyesha kwamba kadiri chembe hizo zinavyopungua, na kadiri zinavyokaa chini kwa muda mrefu, ndivyo maambukizi yanavyoongezeka. Miaka hiyo ilikuwa kawaida kungoja maabara itaje jina la bakteria kwanza, na wagonjwa wengi walifariki majibu yakisubiriwa. Mwaka 1971, Stephen Schimpff na wenzake katika mji wa Baltimore walieleza njia tofauti: mgonjwa mwenye chembe chache akipata homa, aanzishiwe antibayotiki mara moja, na majibu ya maabara yafuate. Njia hiyo ndiyo inayofuatwa ulimwenguni mpaka leo. Lengo ni dozi ya kwanza iingie mwilini ndani ya saa moja baada ya mgonjwa kufika hospitalini.

Saa moja, ndugu zangu. Sasa fikirini sisi tunavyopoteza masaa kabla hata ya kufika.

"Ni malaria tu"

Hapa kwetu milimani tuna kumbukumbu chungu. Miaka ya 1990 nyanda hizi za juu zilikumbwa na milipuko ya malaria iliyolaza watu wengi, wazee kwa watoto. Kutokana na hayo tulijifunza kulala ndani ya neti, na nyumba zilipigwa dawa. Lakini tulibaki na mazoea mengine: kila homa tunaiita malaria. Mtu akitetemeka, kijana anatumwa kwenye duka la dawa sokoni, analeta dozi, mgonjwa anafunikwa blanketi, tunangoja kesho.

Kwa mgonjwa wa saratani mazoea hayo ni hatari. Sisemi malaria isipimwe. Ipimwe, na ikipatikana itibiwe. Lakini hata kipimo kikionyesha malaria, hakijathibitisha kwamba hakuna bakteria kwenye damu. Mgonjwa huyu anaweza kuwa na vyote viwili. Hospitali itapima malaria, itahesabu chembe za damu, itachukua damu ya kuotesha bakteria, na itaanza antibayotiki ya sindano. Duka la dawa haliwezi kufanya hayo.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kwanza, kila nyumba yenye mgonjwa anayepata tibakemikali iwe na kipimajoto. Kiganja kwenye paji la uso hakitoshi. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, ondokeni. Akitetemeka, akipumua kwa shida, akichanganyikiwa au akiishiwa nguvu ghafla, ondokeni hata kama kipimajoto hakionyeshi homa.

Pili, msimpe dawa ya kushusha homa kabla ya kupima joto. Dawa hiyo inaficha dalili. Familia inaona amepoa, inashukuru Mungu na kulala, kumbe maambukizi yanaendelea.

Tatu, msimpe antibayotiki zilizobaki kutoka kwa mtu mwingine, wala msikubali achomwe sindano na mtu asiyejua kwamba yuko kwenye tibakemikali.

Nne, pangeni safari mapema. Anayetoka Nyamache, Nyansiongo au Ekerenyo anajua usiku wa mvua barabara zetu zilivyo. Mkubaliane kabla na mwenye gari au boda boda mnayemwamini, nambari yake iandikwe, na nauli iwekwe kando. Nendeni kwenye hospitali iliyo karibu inayoweza kutoa antibayotiki ya mshipani wakati huo. Si lazima mvuke vituo vyote kwenda hospitali ya rufaa kabla ya dozi ya kwanza. Dozi ianze, kisha uhamisho upangwe.

Tano, mgonjwa awe na karatasi inayotaja aina ya saratani, dawa alizopewa, tarehe ya dozi ya mwisho na nambari ya simu ya kliniki yake. Mkifika mapokezi msikae kwenye foleni mkinyamaza. Semeni wazi: "Huyu yuko kwenye tibakemikali na ana homa." Maneno hayo machache yanamweleza muuguzi kwamba mgonjwa huyu atangulie.

Chakula na wageni

Mgonjwa anahitaji kula vizuri. Chinsaga na mboga nyingine zioshwe kwa maji safi na zipikwe ziive. Nyama na mayai yaive kabisa. Maziwa yachemshwe. Najua wazee wetu wanapenda amabere amaruranu, lakini katika kipindi hiki mgonjwa asinywe maziwa ya kuganda yaliyotengenezwa kwa maziwa mabichi. Pia asipewe kazi ya kufagia banda la kuku au ghala lenye mahindi yaliyoota ukungu, kwa sababu mbegu za ukungu zikivutwa puani zinaweza kuingia mapafuni na kumletea ugonjwa mgumu kutibu.

Kuhusu wageni, kumtembelea mgonjwa ni desturi njema na sitaki ife. Ila mwenye mafua au kikohozi apige simu kwanza, aje akipona. Kikundi cha maombi kinaweza kuketi uani na kumwombea kutoka hapo. Kila anayeingia anawe mikono kwa sabuni. Mgonjwa mwenyewe akiona haya kuwaambia wageni, mmoja wa familia afanye kazi hiyo kwa heshima.

Si saratani peke yake

Niliyoyasema yanawahusu pia watu wanaoishi na Virusi vya Ukimwi ambao kinga yao imeshuka sana, hasa waliochelewa kupimwa au walioacha dawa. Hapa utafiti umefanyika karibu na sisi. Watafiti walishirikisha watu 1,805 nchini Uganda, Zimbabwe, Malawi na Kenya. Kwetu Kenya ilikuwa Eldoret na Kilifi. Wote walikuwa wanaanza dawa za Virusi vya Ukimwi wakiwa na kinga ya chini mno. Kundi moja, la watu 899, lilipewa matibabu ya kawaida. Kundi lingine, la watu 906, liliongezewa mapema dawa za kuzuia kifua kikuu, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu, bakteria na minyoo. Baada ya wiki 24, katika kundi la kwanza walikuwa wamefariki 108, na katika kundi la pili 80. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Dawa zile hazikuwa ngeni, zilikuwepo tayari. Kilichobadilika ni wakati wa kuzitoa.

Kwa hiyo anayerudi kliniki baada ya kuacha dawa asione aibu na asikaripiwe. Apokelewe, na kinga yake ipimwe, kwa sababu kuna ya kumfanyia siku hiyo hiyo.

Mkiombwa kushiriki utafiti

Nasikia maswali kuhusu damu. Wengine wanaogopa kwamba damu inachukuliwa ili iuzwe. Damu ya kuotesha bakteria kwa mtu mzima huwa takriban mililita 10 katika kila chupa, yaani vijiko viwili vya chai, na kwa kawaida chupa huwa zaidi ya moja. Inachukuliwa ili tujue ni bakteria gani na ni antibayotiki ipi bado inamwua. Bakteria wanazidi kuwa sugu, na inayofanya kazi London huenda isifanye kazi Kisii. Hatuwezi kujua hilo bila kupima wagonjwa wetu wenyewe.

Utafiti ni jambo tofauti na matibabu, na mna haki zenu. Utafiti halali huwa na idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Lazima mwelezwe kwa lugha mnayoielewa, iwe Ekegusii au Kiswahili, kabla ya kutia sahihi au alama ya kidole. Ulizeni damu itapelekwa wapi, itatunzwa muda gani, na majibu mtayapataje. Mnaweza kukataa, au kujiondoa baadaye, na matibabu yenu yaendelee bila kubughudhiwa. Lakini mkiridhika, msiogope kushiriki. Wale wagonjwa 52 wa mwaka 1966, na wale 1,805 wa juzi, ndio waliotufundisha haya ninayowaambia leo.

Wahudumu wa afya ya jamii, ombi langu kwenu ni hili: wiki hii jueni ni nyumba gani katika eneo lenu ina mgonjwa anayepata tibakemikali. Mtembeleeni, muone kama ana kipimajoto, karatasi yake na nambari ya usafiri. Kikikosekana kimoja, tuambieni mapema kabla homa haijaja.