KATIBA IKIVUNJWA KWA JIRANI: FUNZO LA UGANDA KWA WATU WA KAGERA



Historia ya miaka mia moja ya usharika, kuanzia Kiziba hadi Kimwani, haikamiliki bila kutaja vita iliyoukumba mkoa huu mwaka 1978. Kwa kawaida vita hiyo husimuliwa kuanzia kwa Idi Amin. Hata hivyo, mzizi wake ni wa zamani zaidi, nao ni wa kikatiba.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka uliofuata Kabaka wa Buganda, Mutesa II, akawa Rais, huku Milton Obote akiendelea kuwa Waziri Mkuu mwenye mamlaka ya utendaji. Wawili hao walipofarakana, Obote aliwakamata mawaziri watano Februari 1966 na kuisimamisha katiba. Tarehe 15 Aprili wabunge walipitisha katiba mpya pasipo kuijadili wala kuisoma; waliambiwa nakala wangezikuta katika visanduku vyao vya barua. Tarehe 24 Mei jeshi, chini ya Amin, lilishambulia ikulu ya Kabaka. Mutesa alikimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jeshi lililotumiwa kuivunja katiba ndilo lililompindua Obote tarehe 25 Januari 1971. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka aliuawa mwaka 1972, na Askofu Mkuu Janani Luwum Februari 1977. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania na kulishika eneo lililo kaskazini ya Mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa, watu waliuawa, ng'ombe waliporwa, na maelfu walikimbilia kusini ya mto. Wakulima wale hawakuwa na kura Uganda, wala hawakujua habari ya visanduku vile. Lakini wao ndio waliolipa.

Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, lakini kujenga upya kulichukua muda mrefu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1962, uchaguzi mkuu haukufanyika tena hadi Desemba 1980, nao ulizaa vita nyingine. Hatimaye Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilikusanya maoni ya wananchi, Bunge Maalumu likachaguliwa mwaka 1994, na katiba ikatangazwa Oktoba 1995. Hata hiyo haikuweza kujilinda yenyewe: mwaka 2005 ukomo wa mihula ya Rais uliondolewa, na mwaka 2017 ukomo wa umri. Lakini Julai 2018 Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, ilifuta miaka miwili ambayo wabunge walikuwa wamejiongezea.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, katiba huvunjwa kwa majuma machache, bali kuirudisha huchukua kizazi kizima. Pili, demokrasia hudumu pale ambapo wapo watu wanaodai kusoma kabla ya kunyoosha mkono. Mzee wa usharika anayeomba muhtasari usomwe kabla ya kuthibitishwa asionekane mkaidi. Kazi hiyo ndogo ndiyo iliyokosekana katika Bunge la Kampala tarehe 15 Aprili 1966.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.